Cheti si Ukuta wa Rusumo: Bawaba, Vitasa na Rai Zinazompotosha Fundi

Bawaba, kitasa, komeo na kufuli ni vitu vidogo, lakini vikivushwa mpaka kwenda kuuzwa nchi nyingine huulizwa jambo ambalo mkeka au kapu haviulizwi: vimepimwa na nani, na kwa kiwango kipi? Wilayani Ngara, ambako barabara moja huingia Rwanda kupitia Rusumo na nyingine Burundi kupitia Kabanga, swali hilo hujibiwa kwa lawama. Husemwa kwamba vyeti vya usalama na ubora vilitungwa na nchi tajiri na viwanda vikubwa ili fundi mdogo asipate soko. Husemwa pia kwamba bawaba ni bawaba na mnunuzi ana macho. Kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha kuondoa vikwazo, kwa hiyo karatasi za ziada ni usumbufu wa maofisa. Na kwamba, hata hivyo, cheti ni karatasi tu, mwenye pesa hukinunua. Rai hizi nne husikika zikiwa zimefungwa pamoja, ingawa ya kwanza na ya mwisho zinapingana waziwazi: moja inadai cheti hakipatikani, nyingine inadai kinapatikana kwa yeyote mwenye fedha. Zote nne ni potofu, na gharama yake humwangukia fundi yule yule ambaye zinadai kumtetea.

Karakana za kuchomelea zipo katika kila mji mdogo wa Tanzania. Hutengeneza mageti, milango ya chuma, madirisha ya nondo, makomeo na bawaba za kuchomelea. Za Ngara na Biharamulo zinatofautiana na nyingine kwa jambo moja, nalo ni mahali zilipo. Barabara ya Ushoroba wa Kati inayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, kisha huingia Ngara na kufika Rusumo. Hapo daraja jipya juu ya mto Kagera na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani, vilizinduliwa tarehe 6 Aprili 2016 na Marais John Magufuli na Paul Kagame. Daraja lililotangulia, la mwaka 1972, lilikuwa la njia moja. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni kama kilomita 160. Bukoba, makao makuu ya mkoa wa Kagera, iko mbali zaidi. Mji mkubwa ulio karibu zaidi na karakana ya kata ya Mabawe, wilayani Ngara, wenye ujenzi mwingi na wateja wa milango, uko nje ya nchi. Kwa fundi wa Morogoro au Iringa suala la cheti cha kuuza nje linaweza kusubiri. Kwa fundi wa Mabawe ni suala la soko lake la kwanza.

Rai ya kwanza, ile ya njama ya matajiri, haisimami mbele ya historia. Viwango vya vifaa vya milango havikuanzia katika vikao vya biashara. Vilianzia makaburini. Tarehe 16 Juni 1883, katika ukumbi wa Victoria mjini Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikufa kwa kubanana ngazini kwa sababu mlango wa chini ulikuwa umefungwa kwa komeo ukaachiwa upenyo wa kumpitisha mtoto mmoja mmoja. Miaka tisa baadaye Robert Alexander Briggs alipata hataza ya kifungo kinachofunguka kwa kusukumwa. Tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa maonyesho wa Iroquois mjini Chicago uliungua na watu 602 wakapoteza maisha; baadhi ya milango ya kutokea ilikuwa imefungwa, na mingine ilikuwa na vifungo ambavyo watu wa kawaida hawakujua jinsi ya kuvifungua. Maiti nyingi zilikutwa zimerundikana milangoni. Kutokana na msiba huo ndipo lilipoanza kutengenezwa na kuenea Marekani pao la kusukuma kwa mwili, ambalo leo huonekana kwenye milango ya dharura ya hospitali na kumbi duniani kote.

Kiwango cha Ulaya cha vifungo vya aina hiyo, EN 1125, bado kinabeba kumbukumbu ya vifo vile katika tarakimu zake. Kinadai kwamba pao lifungue mlango kwa nguvu isiyozidi nyutoni 80, yaani kama uzito wa kilo 8, pale ambapo mlango haujaegemewa na mtu. Kisha kinadai jambo gumu zaidi: mlango ukiwa unasukumwa kwa nguvu ya nyutoni 1,000, kama vile umati umeshauelemea, pao lazima lifungue kwa nguvu isiyozidi nyutoni 220. Atakayesoma tarakimu hizo akaona ndani yake hila ya kumzuia mchomeleaji wa Kiafrika hajazisoma. Zilikokotolewa kwa ajili ya mtu wa mwisho nyuma ya umati na mtoto wa kwanza mbele yake.

Tena misiba hii haiko mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, Kenya, lilichomwa moto na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Miongozo ya usalama wa shule iliyotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 inadai milango ya bweni iwe na upana wa futi 5 au zaidi, ifungukie nje, isifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na nondo. Tanzania nayo ina makovu yake: Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, ambako wasichana zaidi ya 40 waliteketea, na katika mkoa huu huu wa Kagera, Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu wilayani Kyerwa, ambako tarehe 14 Septemba 2020 wanafunzi 10 walikufa kwa moto wa bweni. Kila moto wa bweni hurudisha maswali yale yale: mlango ulifunguka upande gani, ulifungwa na nani, na kwa kifaa gani? Watengenezaji wa vifaa hivyo ni mafundi wa karakana ndogo. Kusema kwamba wao hawahusiki na usalama, kwamba usalama ni lugha ya Wazungu, ni kuwatoa mafundi katika heshima ya kazi yao wenyewe.

Rai ya pili inasema mnunuzi ana macho. Anayo, na yanamwonyesha rangi, unyoofu na mng'ao. Hayamwonyeshi mambo manne ambayo ndiyo ubora wenyewe. La kwanza ni uchakavu wa chuma. Bawaba hubeba uzito wa mlango kwa pini moja au mbili, na kila mlango unapofunguliwa pini husagika kidogo. Kiwango cha Ulaya cha bawaba za mhimili mmoja, EN 1935, hupima bawaba kwa kuifungua na kuifunga mara 10,000, mara 25,000 au mara 200,000, kutegemea kazi inayokusudiwa. Tarakimu hizi zikipelekwa shuleni zinaeleweka mara moja. Mlango wa darasa unaofunguliwa mara 100 kwa siku, katika siku 200 za masomo, hufunguliwa mara 20,000 kwa mwaka. Bawaba ya mizunguko 10,000 itakuwa imemaliza umri wake wa kipimo mwaka wa kwanza wa masomo unapofika nusu. Ile ya 200,000 itafika mwaka wa kumi. Siku ya kununuliwa zinafanana kabisa.

La pili ni mshono wa kuchomelea. Mshono uliopoa vibaya au ulioshika juu juu husuguliwa kwa mashine, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, ukaonekana sawa na mshono mzima. La tatu ni chuma chenyewe: unene wa bati na wa flati hutofautiana kati ya shehena moja na nyingine, na fundi anayenunua kwa kukadiria kwa mkono hutengeneza bidhaa mbili tofauti kwa jina moja. La nne linahusu vitasa na kufuli: idadi ya funguo zinazotofautiana kweli. Kitasa kinachofunguka kwa ufunguo wa jirani hakina kasoro yoyote inayoonekana dukani.

Kipimo cha kutu nacho hudharauliwa sana, na hapa wapinzani huwa na hoja inayovutia. Kipimo cha kawaida, kinachoelezwa katika ISO 9227, huweka kifaa ndani ya chumba chenye ukungu wa maji ya chumvi, gramu 50 kwa lita, katika joto la nyuzi 35. Wanasema: Ngara iko nyanda za juu, bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja, chumvi hiyo inahusu nini? Lakini hakuna anayedai kwamba Ngara ina bahari. Kipimo hicho huharakisha uharibifu ili tabaka moja la zinki lilinganishwe na jingine kwa siku chache badala ya miaka. Na kina ngazi. EN 1670, kiwango cha uvumilivu wa kutu kwa vifaa vya milango, kina daraja la saa 24, saa 48, saa 96, saa 240 na saa 480, na hata daraja lisilodai kipimo chochote. Komeo la stoo ya mahindi halilazimiki kufika saa 480.

Hapo ndipo rai ya kwamba kiwango ni ukuta mmoja mrefu inapoanguka kabisa. EN 1935 ina madaraja 14, kuanzia bawaba ya dirisha jepesi hadi bawaba ya mlango wa kilo 160. Karakana haitakiwi kuanza na bawaba ya mlango wa kuzuia moto. Inaweza kuanza na bawaba ya mlango wa chumba, ikathibitisha daraja hilo, ikauza kwa jina la daraja hilo, na kupanda baadaye. Aliyedhulumiwa hapa ni fundi aliyeambiwa kwamba ni lazima afikie cha juu kabisa au aache, na waliomwambia hivyo ni wale wale wanaojiita watetezi wake.

Rai ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi mpakani, kwa sababu ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005, na kwamba Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya tarehe 1 Julai 2007. Ni kweli kwamba bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya hazitozwi ushuru wa forodha zikivuka kutoka nchi mwanachama moja kwenda nyingine. Kinachosahauliwa ni kwamba ushuru ni jambo moja na ubora ni jingine, na Jumuiya ilitunga sheria tofauti kwa kila moja. Mwaka 2006 ilipitishwa Sheria ya Jumuiya ya Uwekaji Viwango, Uhakiki wa Ubora, Mizani na Upimaji. Ndani yake mna kanuni ambayo kila mchomeleaji wa Ngara angepaswa kuijua kama anavyoijua bei ya nondo: alama ya ubora iliyotolewa na shirika la viwango la nchi mwanachama na kutambuliwa na Jumuiya hukubaliwa katika nchi nyingine wanachama. Bawaba yenye alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, inapoingia Rwanda, Bodi ya Viwango ya Rwanda inapaswa kuitambua kama inavyotambua alama yake.

Maana yake ni kwamba sheria ya Jumuiya, badala ya kuondoa haja ya cheti, ilikiongezea thamani. Kabla ya hapo alama ya TBS ilikuwa na nguvu ndani ya Tanzania tu. Sasa cheti kimoja hufungua soko la Kirehe na Kigali nchini Rwanda, na la Muyinga na Bujumbura nchini Burundi, kwa pamoja. Asiye na cheti ndiye asiyenufaika na sheria hiyo hata kidogo.

Mkanganyiko huzidi kwa sababu ya karatasi nyingine inayotolewa mpakani. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, mfanyabiashara mdogo mwenye shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ya bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa pale pale kituoni. Utaratibu huo ni mzuri na umewasaidia wengi. Lakini cheti cha uasili husema bidhaa imetengenezwa wapi. Hakisemi imetengenezwa vipi. Mwenye karatasi hiyo aliyevusha makomeo yake bila tatizo huamini amekwisha kutimiza masharti yote, kisha hushangaa mkandarasi wa Kigali anapoikataa shehena hiyo hiyo eneo la ujenzi. Mkandarasi hajamwonea. Forodha iliuliza swali lake, naye ameuliza la kwake.

Lipo lalamiko la haki ndani ya rai hii, nalo lisipuuzwe. Hutokea bidhaa yenye alama halali ikazuiwa na kudaiwa vipimo upya upande wa pili wa mpaka, kinyume cha sheria ya 2006. Hilo ni kosa, na Jumuiya yenyewe imelitambua kwa kutunga mwaka 2017 sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha. Hata hivyo, nani anayeweza kuitumia sheria hiyo? Ni mwenye alama. Aliyezuiwa akiwa na leseni mkononi ana dai linaloweza kufikishwa wizarani na kwa sekretarieti ya Jumuiya. Aliyezuiwa akiwa mikono mitupu ana manung'uniko tu. Wanaomwambia fundi aachane na cheti kwa sababu maofisa ni wasumbufu wanamnyang'anya kitu pekee ambacho kingemwezesha kuwashtaki maofisa hao.

Suala la gharama ndilo linalostahili kujibiwa kwa uangalifu, maana hapa fundi anasema kweli. Maabara kuu za TBS ziko Ubungo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Ngara. Ofisi ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Sampuli husafiri, fundi hupoteza siku za kazi, na mteja hasubiri. Hayo yote ni mzigo halisi. Kosa ni kuutupia mzigo huo kiwango chenyewe. Umbali wa maabara ni matokeo ya uamuzi wa kibajeti wa serikali, unaoweza kubadilishwa. Haimo katika tarakimu za kiwango chochote kwamba vipimo vyake vifanyike Ubungo. Dai sahihi la mafundi wa Ngara na Biharamulo ni upimaji usogezwe Kagera, japo kwa vifaa vya awali vya kupima uzito, mizunguko na unene. Mashine ya kufungua na kufunga bawaba mara laki mbili ni mota, mkono wa chuma na kihesabio. Mchomeleaji hodari anaweza kuijenga mwenyewe kwa ajili ya majaribio ya ndani, ili asipeleke Dar es Salaam sampuli ambayo angejua mapema kuwa itashindwa.

Nusu nyingine ya hesabu ya gharama haitajwi kamwe: gharama ya kutokuwa na cheti. Tangu mwaka 2012 Tanzania hudai bidhaa nyingi zinazoagizwa kutoka nje zikaguliwe kabla hazijapakiwa melini, na baadhi ya majirani wanayo masharti yanayofanana na hayo. Kwa hiyo kontena la vitasa kutoka China linaweza kufika Kigali au Mwanza likiwa na ripoti ya vipimo. Mkandarasi wa hospitali au shule anayetakiwa kuambatisha nyaraka kwenye hati zake za ujenzi atachukua kitasa chenye nyaraka, hata kama cha Mabawe ni kizito zaidi na kimechomelewa kwa mikono yenye ustadi. Fundi asiye na cheti hubaki na mteja mmoja tu, yule anayetafuta bei ya chini kabisa, na hapo hushindana na bati jembamba zaidi. Hivyo ndivyo karakana nzuri zinavyolazimika kutengeneza vitu vibaya.

Wapo watakaotaja mlango wa Zanzibar kama ushahidi kwamba ufundi hujiuza wenyewe. Milango ya Mji Mkongwe yenye njumu za shaba, nakshi na minyororo yake ya kufungia husifiwa dunia nzima, na Mji Mkongwe wenyewe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Kweli mlango huo haukuhitaji cheti ili upendwe. Lakini una jina lililojengwa kwa vizazi vingi, na anayeununua ananunua jina hilo. Karakana ya Ngara haina karne mbili za sifa za kumwonyesha mnunuzi wa Kigali. Kwa asiye na jina, cheti ndicho jina. Hata mlango wenye nakshi ukiwekwa kwenye njia ya kutokea ya hoteli, mkaguzi wa zimamoto atauliza unafungukia wapi na kwa kifungo gani, na nakshi haitamjibu.

Rai ya nne, kwamba cheti ni karatasi ya kununua, huzaliwa na kutojua karatasi zenyewe. Vyeti havifanani. Cheti cha ISO 9001 husema kiwanda kina mfumo wa kusimamia kazi zake. Hakisemi neno lolote kuhusu nguvu ya bawaba, na muuzaji anayekionyesha kama uthibitisho wa bidhaa ama hajui ama anadanganya. Ripoti ya maabara husema sampuli iliyopelekwa ilifaulu. Haisemi kwamba maelfu yaliyofuata yanafanana nayo. Leseni ya alama ya ubora ndiyo inayounganisha mambo mawili, kipimo cha sampuli na ukaguzi wa mara kwa mara wa mahali pa uzalishaji, na ndiyo maana haipatikani kwa kuweka fedha mezani mara moja. Alama ya CE inayodaiwa katika Umoja wa Ulaya nayo ina ngazi zake. Kwa vifaa vya milango ya moto na ya dharura, kanuni ya bidhaa za ujenzi namba 305 ya mwaka 2011 ilidai chombo huru kilichoidhinishwa kipime bidhaa na kukagua kiwanda, wala haikuruhusu mtengenezaji kujithibitishia. Alama za kughushi zipo, sawa na noti za kughushi. Mwenye noti halali haichomi moto kwa sababu hiyo.

Kati ya hoja zote za upinzani, moja ina uzito kuliko nyingine: viwango huandikwa bila mafundi wadogo kuwepo chumbani. Hilo ni sahihi, na ni aibu. Lakini vyumba hivyo havijafungwa. TBS huandaa viwango kupitia kamati za kitaalamu zinazokaribisha wadau, na rasimu hutolewa kwa umma ili zitolewe maoni. Rasimu za viwango vya Afrika Mashariki hupitia njia hiyo hiyo katika kila nchi. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu vikwazo vya kiufundi, unaotumika tangu mwaka 1995, huzitaka nchi wanachama zitoe taarifa ya kanuni mpya za kiufundi mapema, na muda uliozoeleka wa kupokea maoni ni siku 60. Mkataba huo pia hutofautisha kiwango, ambacho ni cha hiari, na kanuni ya kiufundi, ambayo ni ya lazima. Wengi wanaolalamikia ulazima wa viwango hawajui kwamba viwango vingi vya bawaba ni vya hiari hadi vitajwe na sheria au na mkataba wa ujenzi. Chama cha wachomeleaji cha wilaya kikiandika ukurasa mmoja kueleza kwamba unene fulani wa bati haupatikani katika soko la ndani, au kwamba daraja la chini linafaa kwa nyumba za vijijini, maoni hayo yataingia katika kumbukumbu za kamati. Kukaa nje na kulaani hakujawahi kuingia katika kumbukumbu yoyote.

Njia yenyewe, kwa karakana ya Mabawe inayotaka kuuza bawaba ng'ambo ya mto Kagera, ina hatua zinazojulikana. Huanza kwa kuchagua bidhaa moja, si kumi: tuseme bawaba ya kuchomelea ya mlango wa chuma wenye uzito uliotajwa. Vipimo vyake huandikwa: urefu, unene wa bati, kipenyo cha pini, aina ya chuma, tabaka la kuzuia kutu. Hutengenezwa kielelezo cha kushikilia vipande wakati wa kuchomelea ili kila bawaba itoke sawa na mwenzake, na unene hupimwa kwa kipimio cha vernia, si kwa jicho. Kila shehena ya chuma inayoingia huandikwa daftarini pamoja na tarehe na muuzaji, na kila fungu la bawaba hupewa namba inayolirudisha kwenye shehena hiyo. Fundi aliyefika hapa amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi, na haijamgharimu zaidi ya daftari, vernia na subira.

Kisha huja SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, ambalo lina ofisi ya mkoa Bukoba. Barua yake ya utambulisho humwezesha mjasiriamali mdogo kuhudumiwa na TBS kwa nafuu ya gharama za kuanzia. Maombi hupelekwa TBS, ambayo hufanya kazi sasa chini ya Sheria ya Viwango namba 2 ya mwaka 2009. Mkaguzi hutembelea karakana, huangalia daftari na vifaa vya kupimia, na huchukua sampuli mwenyewe. Sampuli iliyochaguliwa na fundi haina thamani ya ushahidi. Maabara hupima. Ikishindwa, ripoti hutaja ilishindwa wapi, na marekebisho hufanywa kabla ya kupimwa tena. Ikifaulu, leseni hutolewa kwa bidhaa hiyo, kwa karakana hiyo, na kwa kipindi maalumu. Karakana kadhaa zisizoweza kumudu kila moja peke yake zinaweza kuungana katika ushirika wenye mahali pamoja pa uzalishaji na daftari moja, ili leseni iwe ya ushirika.

Bidhaa ikiwa na leseni, shehena ya kwenda Rusumo hubeba nyaraka mbili zinazojibu maswali mawili: cheti cha uasili kwa forodha, na nakala ya leseni ya alama kwa ofisa wa viwango na kwa mnunuzi. Namba ya fungu hupigwa kwenye chuma chenyewe, maana kibandiko hubanduka njiani. Ndani ya kipindi chake, leseni hubaki hai kwa muda ambao ukaguzi wa kushtukiza karakanani na sampuli zinazonunuliwa sokoni zinaendelea kufaulu. Inaweza kufutwa pale fundi anapobadilisha muuzaji wa chuma, unene wa bati au njia ya kupaka zinki bila kulijulisha shirika na kupima upya, hata kama bawaba mpya inaonekana nzuri kuliko ya zamani.